BINTI WA MCHIMBA VISIMA



Jioni ya leo nimeona vema niwahadithie habari ya picha moja ya sinema iliyotengenezwa katika nchi ya Ufaransa mwaka 1940. Jina lake kwa Kifaransa ni La Fille du puisatier, yaani Binti wa Mchimba Visima. Najua wako watakaosema, Mwalimu, sinema ni kitu cha kutazamwa kwa macho, nawe unatuletea kwa masikio, je, si kama kumpa mtu chakula kwa kumtajia jina lake? Neno hilo ni la haki. Lakini huyu aliyeitengeneza picha hii, Marcel Pagnol, alikuwa mtu wa masikio kuliko macho. Yasemwa kwamba wachezaji wake walipokuwa wakicheza, mara nyingi yeye hakusimama karibu na mashine ya kupigia picha, bali aliketi ndani ya gari lenye mashine za kunasa sauti, akisikiliza tu. Maneno yakisikika sawasawa, basi kwake picha ilikuwa njema. Wajuzi wengine walimcheka kwa sababu hiyo, wakisema kwamba kazi zake si sinema bali ni michezo ya jukwaani iliyopigwa picha. Hakujali. Kwa hiyo nami naona si kosa sana kuileta habari yake kwenu kwa njia ya simu ya upepo.

Pagnol alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Aubagne, karibu na bandari kubwa ya Marseille, akafa mwaka 1974. Baba yake, Joseph, alikuwa mwalimu wa shule, na yeye mwenyewe alifundisha lugha ya Kiingereza kwa miaka kadhaa kabla hajaiacha chaki na kushika kalamu. (Sisi walimu hatukosi kujivuna kidogo tusikiapo habari za namna hiyo.) Mwaka 1946 alichaguliwa kuwa mmoja wa wale arobaini wa Académie française, baraza la heshima linaloitunza lugha ya Kifaransa, naye alikuwa wa kwanza kuingia humo miongoni mwa watu wa sinema.

Nchi yake ni Provence, upande wa kusini wa Ufaransa. Msidhani kwamba Ulaya yote ni mvua na majani mabichi. Vilima vya Provence ni mawe meupe ya chokaa, jua la kiangazi ni kali, na maji ya mvua hupenya katika nyufa za mawe yakapotelea chini. Mahali kama hapo mwenye kisima ni mtu, na asiye na kisima huhesabu ndoo zake. Basi palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuchimba visima kwa sururu na mtaimbo, na kuupasua mwamba kwa baruti pale sururu iliposhindwa. Ninyi mliopata kuchimba kisima mnajua kazi hiyo ilivyo. Mtu hushuka asubuhi akiwa mzima, hajui kama jioni atapanda kwa miguu yake au atavutwa kwa kamba. Na akiisha kuyapata maji, wenye nyumba hunywa miaka na miaka, na jina lake yeye aliyechimba wakalisahau.

Mchimba visima wa hadithi hii aitwa Pascal Amoretti. Mkewe amekwisha kufa, naye ana watoto sita, wote mabinti. Mkubwa wao ni Patricia, msichana mzuri, mwenye adabu, anayewalea wadogo zake na kumpelekea baba yake chakula kazini. Pascal anaye mwenzake wa kazi, jina lake Félipe, mtu mwenye umri wa makamo, mwema, si mzuri wa sura, ambaye moyo wake umemwelekea Patricia. Nasikia baridi mwilini kila nikumbukapo kwamba Félipe alichezwa na Fernandel, mchekeshaji mkubwa wa Wafaransa, mwenye uso mrefu na meno makubwa kama ya farasi. Watu walikuwa wakicheka alipotokea tu kabla hajasema neno. Katika picha hii, yule waliyemzoea kumcheka ndiye anayewaliza. Na Pascal mwenyewe alichezwa na Raimu, mtu mnene, mwenye sauti nzito, mzaliwa wa Toulon. Raimu alifariki mwaka 1946, na hata leo Wafaransa wengi humtaja kuwa mmoja wa wachezaji bora waliopata kutokea kwao.

Basi siku moja Patricia alikuwa anampelekea baba yake chakula, akafika penye kijito, akasitasita kuvuka. Akatokea kijana, akambeba akamvusha. Kijana huyo ni Jacques Mazel, rubani wa ndege za jeshi, mwana wa pekee wa tajiri mwenye duka kubwa katika mji wa Salon. Mji huo wa kweli upo, na tangu mwaka 1937 pana chuo cha kufundishia maofisa wa jeshi la anga, kwa hiyo marubani walikuwa wakionekana sana njiani, nao wakitazamwa sana na wasichana. Baada ya hayo yakawako maonyesho ya ndege. Félipe, aliyekwisha kununua motakaa kwa ajili ya kujipendekeza, alimchukua Patricia kwenda kutazama, naye alikuwa na haja ya kumposa siku ile ile. Kumbe anampeleka kwa mwingine. Jioni Patricia akarudi na Jacques juu ya pikipiki yake. Yaliyofuata hamna haja ya kuambiwa.

Waliahidiana kukutana tena. Lakini kabla ya saa ile kufika, Jacques akapata amri ya kuondoka mara moja kwenda kazini mbali. Akaandika barua, akamkabidhi mama yake, akamwomba aende mahali walipopatana ampe msichana atakayemkuta huko. Mama akaenda. Akamwona Patricia kwa mbali anangoja. Akamtazama, akampima kwa macho. Kisha akarudi nyumbani na barua yake, akaichoma moto.

Nataka tukae kidogo juu ya barua hii, maana kwa maoni yangu hadithi nzima imo ndani yake. Mama Mazel si mwovu. Hakumtukana mtu, hakumpiga mtu, wala hakumwambia mtu uwongo. Alifanya jambo dogo tu, la dakika moja, ambalo hakuna aliyeliona. Na kwa nini? Kwa sababu msichana yule alikuwa na alama za watu wa chini. Mtakumbuka zile ngano za pwani tulizosimuliwa utotoni, Sultani anapomwoa binti wa mkata kuni. Huko umbali ni mkubwa, kama mbingu na nchi, na kwa hiyo kila mtu hucheka na kufurahi, akijua kwamba ni ngano. Lakini Mazel si Sultani. Ni mwuza duka. Hupima na kufunga na kuhesabu fedha kila siku, na wachimbaji kama Pascal ndio wanunuzi wake. Kati ya watu hawa wawili hakuna bahari, pana meza ya duka tu. Na mimi katika maisha yangu nimeona kwamba ukuta mfupi hulindwa kwa ukali kuliko ukuta mrefu. Mwenye jumba la ghorofa hana hofu ya kudhaniwa maskini. Mwenye bati juu ya nyumba, ambaye baba yake alikaa chini ya makuti, yeye ndiye aonaye vibaya mwanawe akimleta msichana wa nyumba ya makuti.

Patricia akangoja, hakuona mtu. Akadhani ameachwa. Baada ya siku nyingi akajijua kwamba ana mimba. Félipe, alipoambiwa, hakugeuka. Alisema yu tayari kumwoa pamoja na mtoto wa mtu mwingine tumboni. Fikirini neno hilo katika kijiji kidogo, ambamo kila mtu ajua kuhesabu miezi. Ndoa hiyo haikufanyika, lakini sisi tunaotazama hatumcheki tena Félipe.

Ndipo Pascal akachukua shauri. Alivaa nguo zake za Jumapili, akaenda pamoja na binti yake nyumbani kwa Mazel. Hakwenda kuomba fedha. Alikwenda kuwaambia tu, wazazi kwa wazazi, mambo yamekuwa hivi na hivi, mwenenu ni baba wa mtoto huyu, nanyi yawapasa kujua. Ilikuwa ndiyo sheria aliyoijua yeye, na kwa kweli ni sheria ya vijiji vingi duniani, kwamba mambo ya vijana huishia katika baraza ya wazee. Lakini Mazel alipomtazama, alimwona mtu maskini na binti mwenye mimba, akaona mbele yake mtego wa kumtoa mali. Wakamfikiria kuwa mnyang'anyi. Mama, aliyejua habari ya barua, alinyamaza.

Mchezo wa Raimu hapa ni mzuri sana. Mtu mwingine angalipiga kelele. Yeye anazidi kuwa na adabu. Kadiri anavyodharauliwa ndivyo sauti yake inavyoshuka, na maneno yake yanavyopangwa taratibu, kama mtu anayeweka mawe ya ukingo wa kisima, moja juu ya moja, asije akaangusha. Kisha anaondoka. Lakini mnajua kwamba hasira iliyokosa njia ya kwenda mbele hurudi nyuma. Pascal aliporudi kwake, hasira ile ilimwangukia binti yake. Alimwondosha nyumbani, akampeleka kwa shangazi yake akazae huko, ili wadogo zake wasiharibiwe sifa.

Niliwahi kuisimulia hadithi hii kwa vijana wangu wa chuo cha ualimu, nao nusu walimtetea Pascal. Walisema baba mwenye mabinti sita hana budi kuwafikiria wale watano. Mmoja akasema kwamba hata baba yake yeye angalifanya vivyo hivyo, na wenzake wakanyamaza. Mimi simtetei. Naona kwamba saa ile Pascal alifanya kazi ya Mazel kwa mikono yake mwenyewe. Mazel alisema binti huyu si kitu, na baba akaenda akalithibitisha neno hilo mbele ya kijiji kizima. Pagnol hatuambii hivyo kwa maneno, wala hamfanyi Pascal kuwa mtu mbaya. Anatuonyesha tu meza ya chakula iliyopungua mtu mmoja.

Mtoto akazaliwa, mwanamume. Pascal alikuwa amekaza moyo asitake kusikia. Lakini habari zilimfikia, na katika habari hizo palikuwa na neno moja alilokuwa hajalifikiri. Kwa kuwa baba wa mtoto hakujitokeza kumkiri, kwa sheria ya Ufaransa mtoto alichukua jina la ukoo wa mama. Basi yule mtoto si Mazel. Ni Amoretti. Pascal, mtu wa mabinti sita, aliyekwisha kuona kwamba jina lake litafukiwa pamoja naye kaburini, ghafula ana mwana mwenye kulichukua jina hilo. (Jina lenyewe, kwa asili yake ya Kitaliani, lina neno la upendo ndani yake. Sidhani kwamba Pagnol alilichagua bila kujua.) Kile kilichokuwa aibu ndicho kilichomletea mrithi. Akaenda kumwona mtoto, huku akijidai kwamba hana haja, na ukaidi wake ukayeyuka wote. Akawarudisha nyumbani mama na mwana. Sehemu hii inachekesha na kuliza kwa pamoja, kwa maana mzee hataki kukiri kwamba ameshindwa na kitoto kisichojua hata kusema.

Hapo vita vilikwisha kuanza. Mwezi wa Septemba mwaka 1939 Ufaransa ilikuwa imeingia vitani na Wajeremani. Habari ikaja kwa Mazel kwamba ndege ya Jacques imeanguka na kuungua, na mwana wao wa pekee hayumo tena miongoni mwa walio hai. Sasa tazameni mambo yalivyogeuka. Duka lipo, fedha ipo, nyumba kubwa ipo, lakini mwenye kurithi hayupo. Damu yote iliyosalia ya Mazel imo katika nyumba ya mchimba visima, tena inaitwa Amoretti.

Basi tajiri na mkewe wakavaa nguo nyeusi, wakafunga safari kwenda kwa Pascal, wakabisha mlango. Ni safari ile ile aliyoifanya Pascal zamani, lakini njia imegeuzwa. Safari ile maskini alisimama mbele ya tajiri, akiwa na neno la haki. Sasa tajiri anasimama mbele ya maskini, na haki hana. Wanaomba wamwone mtoto. Na kati yao, ingawa haionekani, ipo ile barua iliyochomwa.

Vijana wangu wa chuo walipofika hapa walitaka sana Pascal afunge mlango. Kijana hupenda kisasi, kwa kuwa hajapata kukilipia. Pascal hakufunga. Lakini pia hakukimbilia kuwapa kiti, akisema yaliyopita yamepita. Aliwafanya wasikie. Aliwakumbusha yaliyosemwa siku ile, tena kwa heshima, na heshima yenyewe ndiyo iliyowauma. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu iliyo bora katika picha nzima, maana hakuna aliyeshinda. Wote wawili ni wazee, wote wawili walikosea kwa ajili ya kiburi cha jina, na kitoto kinalala.

Baadaye Jacques anarudi. Hakufa, aliokoka. Anamposa Patricia kwa utaratibu wa haki, na Félipe naye anapata mke, Amanda, binti wa pili wa Pascal, aliyempenda siku zote bila yeye kumwona. Hapo mimi nina manung'uniko. Mwisho huu ni mtamu mno. Kama Jacques angalikuwa amekufa kweli, Mazel na Amoretti wangalilazimika kukaa pamoja miaka yote pasipo harusi ya kuwaponya, nasi tungalijua kama mlango uliofunguliwa ulifunguliwa kweli. Lakini nimekwisha kuitazama picha hii zaidi ya mara moja, na kila mara kijana yule anapotokea mlangoni nafurahi kama mtoto. Basi labda Pagnol alijua kazi yake kunishinda mimi.

Nimesema kwamba ilitengenezwa mwaka 1940. Walianza kupiga picha katika mwezi wa Mei, katika siku zile zile majeshi ya Wajeremani yalipoivamia Ufaransa. Kazi ikakatika. Wachezaji wakatawanyika. Mwezi wa Juni Ufaransa ikashindwa, nchi ikagawanywa, na Marseille, kwenye nyumba za kazi za Pagnol, ikabaki katika sehemu ambayo Wajeremani walikuwa hawajaikalia. Baada ya hayo Pagnol akawakusanya watu wake tena, akaimaliza picha, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule ikaanza kuonyeshwa. Hivyo vita vilivyomo katika hadithi havikuwa vya kubuni. Waliokwenda kutazama walikuwa na waume na wana wao mikononi mwa adui, na walipomwona mama Mazel katika nguo nyeusi hawakuwa na haja ya kuelezwa.

Na katika picha hiyo Pagnol alitia jambo ambalo lanigusa mimi hasa nisemaye nanyi kwa njia hii. Mna mahali ambapo watu wa hadithi wamekusanyika kuisikiliza simu ya upepo. Sauti inayotoka humo ni ya Marshal Pétain, mzee aliyeshika serikali siku zile, akiwaambia Wafaransa tarehe 17 Juni 1940 kwamba imepasa kuacha kupigana. Hakuna anayesema kitu. Matajiri na maskini wanaitazama sanduku ile kana kwamba ina uso. Baadaye, nchi ilipokombolewa na Pétain akahukumiwa, sauti yake iliondolewa katika nakala za picha, kwa kuwa watu hawakutaka tena kuisikia ndani ya hadithi waliyoipenda. Kwa muda mrefu wengi waliitazama picha hiyo bila kujua kwamba pana kitu kilichotolewa.

Mwaka 2011 mchezaji Daniel Auteuil aliitengeneza upya hadithi hii kwa rangi, akicheza yeye mwenyewe sehemu ya Pascal, na vita akavirudisha nyuma hadi vile vya 1914. Kwa hiyo sauti ya Pétain haimo. Kijito kimo, barua imo, na tajiri bado anabisha mlango wa mchimba visima. Mkipata nafasi ya kuitazama mojawapo, tazameni ile ya kale kwanza, ijapokuwa ni nyeusi na nyeupe na ni ndefu, yapita saa mbili. Na mkifika pale Pascal anapoingia kwa shangazi kumwona mtoto, angalieni anavyoishika kofia yake.

Saa yangu imekwisha. Kwa herini.